MTOKO WA WAWILI: Kabla ya Bongo Movie na simu janja, wapenzi walikuwa wanaenda wapi kutazama maigizo?

Jumamosi jioni, Sumbawanga mjini. Baridi ya Ufipa imeshaanza kung'ata, kila anayepita kajifunika koti. Kijana kamtumia mchumba wake meseji: "Leo tunaenda wapi?" Jibu linachelewa, maana sehemu za kwenda ni chache na wote wawili wanazijua. Kuna baa yenye nyama choma na muziki wa kuwalazimisha mpigiane kelele masikioni. Kuna banda umiza na mpira wa Ulaya, ambako dada wa watu atabanwa katikati ya wanaume wanaomtukana refa. Na kuna kubaki geto: simu moja, bando la kuchangia, filamu ambayo mmoja atasinzia kabla haijafika nusu.

Mtoko wa kwenda kutazama watu wakiigiza mbashara, mbele ya macho yenu, haumo kabisa kwenye mawazo. Vijana wengi wakisikia "kwenda kutazama tamthilia" picha inayowajia ni ya Ulaya: viti vyekundu, mwanaume kavaa suti, mwanamke na gauni refu, wote kimya kama kanisani. Kitu cha wenzetu huko.

Waulize wazee sasa. Kuna waliokutana na wake zao kwenye ngoma ya mavuno. Kuna waliovaa suruali za bugaluu na kulipa kiingilio cha watu wawili kwenda kucheka vichekesho ukumbini. Kuna waliogombana njia nzima kurudi nyumbani kwa sababu ya mhusika wa kwenye igizo, mtu ambaye hata hayupo duniani. Mtoko huu una historia ndefu Afrika Mashariki. Umepigwa marufuku na wazazi, umefungiwa na serikali, umeitwa uhuni, na bado watu walienda. Kwa nini? Twende taratibu.

Hadithi kubwa ya Ufipa ni kesi ya mume na mke

Ufipa haikusubiri jengo ndipo iwe na maonyesho. Jioni, kazi za shamba zikiisha, watu walikaa kuzunguka moto na msimulizi akaanza. Msimulizi mzuri alikuwa mwigizaji kamili: anakuwa simba, anakuwa bibi kizee, anakuwa mfalme mwenye hasira, sauti inapanda na kushuka, na pakifika pa wimbo wote wanaitikia. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizikusanya simulizi hizi na mwaka 1978 akatoa kitabu kizima kuhusu sanaa ya Wafipa ya kusimulia.

Na simulizi kubwa kuliko zote, ile ya asili ya utawala wa Ufipa, ukiisikiliza vizuri ni mkasa wa ndani ya ndoa. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Milansi aliondoka kwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe: watakuja wageni, usiwaachie kiti changu. Kweli, huku nyuma wakatokea wanawake wageni kutoka mbali. Mume hayupo, wageni wapo mlangoni, na utu unadai mgeni akaribishwe. Mume aliporudi akakuta kiti kimeshakaliwa. Nchi ikapita mikononi mwa ukoo wa wageni, Watwa, naye akabaki na Milansi yake na heshima ya kuwa mwenyeji wa kwanza. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika, Nkansi upande mmoja na Lyangalile upande mwingine. Jina la Nkansi bado linasikika hadi leo kwenye Wilaya ya Nkasi.

Sasa fikiria mume na mke wamekaa kwenye ule mduara wa moto wakisikiliza. Mume anasikia: nilisema, hukunisikia. Mke anasikia: uliniacha na mzigo peke yangu, halafu leo kosa ni langu? Hakuna aliyetaja jina la mtu yeyote pale, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Lakini wakirudi nyumbani wana la kuzungumza, na wakilizungumza ni "yule mke wa Milansi" anayebishaniwa, ingawa wote wawili wanajua ni nani hasa anayesemwa.

Hiyo ndiyo raha ya kwanza ya wawili kwenda kutazama igizo pamoja. Ugomvi wenu unabebwa na watu wengine, mnaukalia pembeni kama mashahidi. Baa haikupi hiyo, mpira haukupi hiyo.

Vijana ambao hawajaoana nao walikuwa na nafasi yao: ngoma. Baada ya mavuno na kwenye harusi, kijiji kilikusanyika, na kijana aliyejua kucheza alicheza akijua nani anamtazama. Hakuna aliyeita hiyo "mtoko", lakini kazi ilikuwa ileile. Mnaonana hadharani, wazazi wapo, heshima ipo, na macho yanafanya mazungumzo yao kimyakimya.

Misheni, shule na majumba ya watu wengine

Mwaka 1885 mapadre wa White Fathers walianzisha misheni yao Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka upande huo Ukatoliki ukapanda na kuenea Ufipa yote. Pamoja na sala ukaja mtindo mwingine wa kuigiza: kuzaliwa kwa Yesu wakati wa Krismasi, mateso yake siku ya Ijumaa Kuu. Mpaka leo katika parokia nyingi za Tanzania, Ijumaa Kuu kuna kijana anayebeba msalaba mabegani, kuna askari wenye mikuki ya mbao, na kuna akina mama wanaolia machozi ya kweli ingawa wanamjua vizuri yule "Yesu" kuwa ni fundi baiskeli wa mtaa wa pili.

Shule nazo zilileta michezo ya Kiingereza. Wanafunzi wakaikariri, wakaigiza mbele ya wageni, halafu pembeni wakatengeneza ya kwao: vichekesho vifupifupi, bila kuandika kitu, vya kumcheka mshamba aliyefika mjini, au karani anayejifanya Mzungu. Mbegu ya vichekesho vyote unavyovipenda leo ilipandwa hapo.

Majumba yenyewe ya maonyesho, yale ya viti na mapazia, yalikuwa ya watu wengine. Dar es Salaam Players walianza 1947, Arusha Little Theatre ikafuata 1953. Ilikuwa burudani ya Wazungu: bwana na bibi wanatoka jioni, wanatazama mchezo wa Kiingereza, wanakunywa kidogo, wanarudi. Ndiyo maana ile picha ya suti na gauni refu imekaa vichwani mwa watu hadi leo. Raha ilionekana kuwa ya rangi fulani, wakati ukweli ni kwamba kilichokuwa cha rangi fulani ni mlango tu.

"Mama, naomba niende na fulani"

Baada ya Uhuru mambo yakageuka haraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ya 1960, na waandishi vijana wakaanza kuandika tamthilia za Kiswahili za kuchezwa mbele ya watu wanaoelewa kila neno. Ebrahim Hussein anajulikana zaidi kwa Kinjeketile ya 1969, ile ya vita vya Majimaji. Lakini anayo nyingine, Wakati Ukuta, inayogusa mada hii moja kwa moja. Ndani yake kuna binti anayeitwa Tatu. Anataka kutoka na mpenzi wake, Swai, kwenda sinema. Mama hataki hata kusikia.

Kwa kijana wa leo hilo linaweza kuonekana jambo dogo, lakini miaka ile lilikuwa zito. Binti kutoka usiku na mwanaume ambaye hajamposa ilikuwa ni tangazo kwa mtaa mzima. Mtaa ungesema kwanza, ukauliza baadaye. Mama anayekataa hakuwa mkatili tu, alijua bei ya jina la binti yake likishachafuka. Na binti anayelazimisha hakuwa mkaidi tu, alitaka kuchagua mwenyewe wa kukaa naye kwenye kiti cha pembeni. Tamthilia haikumpa hata mmoja wao ushindi wa bure. Tatu anaondoka, anaolewa na huyo huyo, na ndoa inakutana na maisha yenyewe: pesa, mazoea, matarajio yasiyolingana.

Hebu fikiria kijana na binti waliokwenda kuutazama mchezo huo pamoja, wamekaa viti viwili, na jukwaani kuna binti anayekatazwa kufanya kile kile ambacho wao wanakifanya muda huo. Hapo mtu hawezi kujifanya haimhusu.

Mwaka 1969 pia, Mwalimu Nyerere akiwa rais wa nchi alitoa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi ya Shakespeare. Watu wengi wanaukumbuka kwa ratili ya nyama na kesi mahakamani. Wenye wapenzi wanaukumbuka kwa pete. Mke anamvisha mumewe pete na mume anaapa hataivua. Kisha mke anajigeuza mwanasheria wa kiume, anaokoa maisha ya rafiki wa mume, halafu anaomba malipo yake: pete hiyo. Mume anasita, anasita, anaitoa. Nyumbani anasubiriwa na swali, "Pete iko wapi?" Pakifika hapo, ukumbini wanawake wanacheka kwa sauti na wanaume wanatazama vidole vyao.

Miaka ya 1970 na 1980 Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama Penina Mlama, akaleta upande wa wanawake kwa nguvu. Hatia, ya 1972, inamweka katikati binti aliyepata ujauzito na swali la nani hasa abebe lawama. Baadaye ikaja Nguzo Mama, ya 1982. Hizi ni kazi ambazo mwanaume akienda kuzitazama na mwenzake, hatoki alivyoingia. Anaweza kununa, anaweza kubisha, lakini ameshasikia.

Kiti cha wawili kilipotisha serikali

Jirani zetu Kenya walipata somo kali zaidi. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wenye nafasi ya watu kama 2,000. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo wakaanza kuonyesha mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda.

Soma jina hilo tena. Ni sentensi ya binti. Ndani ya mchezo kuna mume na mke maskini ambao tajiri wao anawashawishi wafunge ndoa ya kanisani, ya kifahari, ili waonekane watu. Wanaweka shamba lao dogo rehani kupata gharama za sherehe. Shamba linakwenda. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, akatazama bajeti ya keki na mapambo huku bwana harusi hana hata kodi ya miezi miwili, anauelewa mchezo huu bila mwalimu.

Watu walifurika wikiendi baada ya wikiendi, waliooana na wasiooana, wazee kwa vijana. Katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na polisi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kwenda kutazama igizo ni starehe isiyo na uzito, mkumbushe kwamba kuna serikali iliyopeleka polisi kubomoa viti.

Enzi ya Muungano, Mandela na TOT

Tukirudi Bongo, miaka ya 1980 na 1990 ndiyo ilikuwa enzi yenyewe ya mtoko wa wawili. Vikundi kama Muungano Cultural Troupe chini ya Norbert Chenga, Mandela Cultural Troupe, na baadaye Tanzania One Theatre, TOT, kilichoanzishwa 1992 chini ya Kapteni John Komba, viliteka wikiendi za Dar na kuzunguka mikoani.

Onyesho moja lilikuwa na kila kitu. Ngoma za makabila zinafungua, akitokea mcheza chatu wa Kisukuma basi dada wa pembeni anamkumbatia mwenzake bila kuombwa. Sarakasi zinafuata. Kinakuja kichekesho cha kuvunja mbavu. Kisha igizo refu la mikasa ya kifamilia: mama wa kambo, mume aliyesahau kijijini baada ya kupata kazi mjini, mke aliyezidiwa na tamaa. Hakukuwa na mswada wa kukariri. Waigizaji walijua kisa, mengine waliyatunga pale pale kulingana na watazamaji walivyoitikia. Watazamaji nao hawakukaa kimya kama wa Ulaya. Walimwonya mhusika, walimzomea mbaya, walimpa ushauri mke aliyeonewa: "Dada, ondoka hapo!" Mwisho wa usiku ni taarabu.

Na taarabu ya enzi hizo ilikuwa igizo lingine kabisa. Ulikuwa wakati wa mipasho, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis, maarufu Nasma Kidogo, akiwa Muungano, na mashabiki wamegawanyika kama Simba na Yanga. Hapo kutunza kulikuwa na lugha yake. Mwanamke anasikia mstari unaomgusa, anainuka, anatembea taratibu katikati ya ukumbi na noti mkononi, anamtunza mwimbaji huku macho yapo kwenye meza fulani. Kama kwenye meza hiyo amekaa mwanaume na mwanamke mwingine, ukumbi mzima umeshaelewa. Neno halijatamkwa. Yule mwanaume atatafuta soda yake pa kuitazama.

Utamu wa mtoko ulikuwa na hatari yake, basi. Mlikwenda kuonekana pamoja, na kuonekana pamoja ni ahadi. Kijana aliyemleta binti ukumbini Jumamosi hii hawezi Jumamosi ijayo kuja na mwingine bila maelezo. Akina dada walilijua hilo vizuri, na wengine walipima uzito wa mwanaume kwa swali dogo tu: atanipeleka mbele za watu, au nitakuwa wa kufichwa?

Lakini ukweli mwingine usemwe. Raha hiyo haikugawiwa sawasawa. Mwanaume angeweza kwenda peke yake na akarudi na jina lake zima. Mwanamke akienda peke yake, kuna watakaomwita mhuni. Na wale wanawake waliopanda jukwaani wenyewe, waliowachekesha na kuwaliza watu, wengi walibeba jina baya mtaani huku kazi yao ikishangiliwa. Kwa dada wengi, kwenda "na mwenzangu" ndiyo ilikuwa tiketi pekee ya kuingia ukumbini kwa heshima. Ukiona bibi wa leo anasimulia kwa furaha alivyopelekwa kutazama maonyesho, ujue anasimulia pia mlango ambao peke yake asingeuvuka.

Igizo likahamia sebuleni

Kisha likaja wimbi la nyumbani. Redio ilitangulia. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wenye dereva wa lori anayeitwa Mkwaju, mwenye mke nyumbani na wapenzi kila kituo. Watafiti waliufuatilia kwa karibu. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili eneo hilo lilinganishwe na mengine. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba kwa waliousikiliza, mazungumzo kati ya mume na mke kuhusu uzazi wa mpango yaliongezeka. Msimulizi wa kando ya moto wa Kifipa asingeshangaa hata kidogo. Mpe mume na mke mtu wa kumsema, nao wataanza kujisema wenyewe.

Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, kisha Kaole Sanaa Group wakaingia sebuleni kwa watu kila wiki, baadaye Bongo Movie ikalipuka miaka ya 2000. Kumbi za maonyesho zikaanza kupwaya. Kwa nini ulipe kiingilio cha wawili, nauli ya kwenda na kurudi, na soda mbili, wakati mwigizaji anakuja mwenyewe nyumbani?

Faida ilikuwepo, na kubwa. Mama aliyekuwa haruhusiwi kutoka usiku akapata maigizo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kijiji ambacho hakikuwahi kuona TOT kikawa kinawajua waigizaji kwa majina. Lakini kitu kimoja kilipungua bila watu kukiona kikiondoka. Nyumbani, mmoja anatazama, mwingine anapika. Mmoja anacheka, mwingine yuko kwenye simu. Na filamu ikiisha hakuna safari ya kurudi, kwa hiyo hakuna yale mabishano ya njiani.

Ufipa ya leo ina nini?

Kutoka Sumbawanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Huwezi kumwambia mchumba mpande basi siku nzima na usiku ili mkatazame wachekeshaji wa Cheka Tu, halafu mrudi kazini Jumatatu. Tamasha la sanaa la Bagamoyo nalo liko mbali hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana wa Ufipa akisema "huku kwetu hakuna", anasema kweli kuhusu majengo.

Kuhusu maigizo, bado. Yapo pale pale yalipokuwa siku zote: mbele ya kanisa Ijumaa Kuu, kwenye mahafali ya shule, kwenye harusi ambako MC mzuri ni mchekeshaji kuliko wengi wenye majina. Programu ya Tuseme, iliyoanza 1996 kwa kazi ya wanazuoni wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwapa wasichana wa sekondari jukwaa la kuigiza yanayowasibu shuleni, na ikavuka mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Shukeni mpaka Bonde la Ziwa Rukwa, kijiji kama Kaoze. Kikundi cha sanaa kikifika na ngoma zake na spika juu ya gari kuigiza kuhusu ndoa za utotoni au ukimwi, uwanja unajaa kabla mwenyekiti hajamaliza kuwakaribisha wageni. Mtindo huu wa kuigiza matatizo ya kijiji mbele ya kijiji chenyewe una mizizi Tanzania. Mapema miaka ya 1980 akina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu waliufanya huko Malya, Mwanza, ambako igizo halikuwa na mwisho mpaka watazamaji nao waseme.

Tazama wanavyosimama watu kwenye uwanja wa namna hiyo. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto mbele. Wapenzi wamesimama mbalimbali kwa adabu. Jukwaani mume anamficha mkewe hela ya mahindi. Kicheko kinatoka upande wa wanawake kwanza. Mwanamke mmoja anageuza shingo, anamtafuta mtu fulani kwenye kundi la wanaume, anampata. Naye keshamwona zamani, ila anajifanya anatazama mbele.

Jioni watakutana nyumbani. Hakuna atakayeanza na "wewe". Ataanza na "yule bwana wa kwenye igizo".

Basi rudini kwa yule kijana wa Sumbawanga na meseji yake. Safari hii asiulize tu ni baa gani. Aulize parokia inaandaa nini, shule ipi ina mahafali, kikundi gani cha vijana kinafanya mazoezi na wapi, MC gani yupo ukumbi gani. Akipata, amwambie mwenzake avae vizuri, abebe koti la ziada kwa ajili ya baridi, na wasichukue bodaboda wakati wa kurudi. Watembee. Nusu ya mtoko ipo njiani, pale mmoja atakaposema yule mke hakuwa na makosa, na mwingine akasimama katikati ya barabara na kusema, "Subiri kwanza, eti nini?"